Kivu: Kabla ya kununua mche, uliza wazee walipanda nini

Kila mvua inaporudi, mwezi wa kenda, vilima vya Bukavu hujaa watu waliobeba miche. Shule zinapanda, parokia zinapanda, mashirika yanagawa, na wakaaji wanachimba mashimo kwenye parsele zao. Ukichungulia ndani ya ile mifuko myeusi ya plastiki, karibu kila mara unakuta majina yaleyale: mikaratusi na grevilea, asili yake Australia, sipre, asili yake Meksiko na nchi jirani, na kwa wenye uwezo, bugenvilea ya Brazili ya kupamba mlango wa parsele. Mti ambao babu alipandia mpaka wa shamba lake haumo.

Hali ni hiyo pia Goma, Butembo na Uvira. Sababu yake si chuki dhidi ya miti yetu. Mbegu za mkaratusi na grevilea zinapatikana kirahisi, zinaota haraka, na mwenye pepinyeri anajua namna ya kuzitunza. Mradi wa miaka miwili unatakiwa kuonyesha hesabu ya miche iliyopandwa, na mti wa kienyeji unaochukua miaka ishirini kukomaa haupendezi kwenye ripoti. Basi mwaka hadi mwaka tunapanda kile kilichopo sokoni, na kile kisichopo sokoni tunakisahau hata jina.

Kwa mji uliojengwa juu ya mteremko, kusahau huko kuna bei. Wakaaji wa Kadutu, Funu, Cimpunda au Panzi hawahitaji kuelezwa maana ya mmomonyoko. Mvua ikinyesha usiku mzima, asubuhi ukuta umeanguka, korongo limekula mita nyingine ya njia, na wakati mwingine nyumba imeondoka na waliolala ndani. Kalehe bado inaomboleza: tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito ilishuka na matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walipoteza maisha. Hakuna uzio wa miti ambao ungesimamisha peke yake maji ya namna ile. Lakini vilima vilivyobaki uchi vinayapa maji mbio, na vilima hivyo havikuwa uchi tangu zamani.

Tuseme wazi pia kwamba mti hauwezi kufanya kazi ya mfereji. Maji ya bati la nyumba yakiachwa yaanguke moja kwa moja kwa jirani wa chini, mitaro ikijazwa chupa za plastiki, nyumba zikisimamishwa ndani ya bonde la mto, hata msitu mzima hautatusaidia. Mimea inashika udongo pale ambapo watu wameshatengeneza njia ya maji.

Mkaratusi una mahali pake

Kuna watu wanaoongea juu ya mkaratusi kana kwamba ni adui. Tusifike huko. Mti huo unatoa mbao, nguzo na makala, na mji wa Goma hauwezi kupika bila makala. Tangu 2007, mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF umewahimiza wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya kuchoma makala kwenye mashamba yao, ili shoka lipunguze kuingia Hifadhi ya Virunga. Kwa kazi hiyo, mti unaokua haraka una faida, na afadhali gunia la makala litoke kwenye shamba la mtu kuliko kwenye hifadhi iliyoundwa mwaka 1925.

Shida inaanza pale tunapouleta mkaratusi mlangoni, kwenye chemchemi, au kwenye ukingo wa barabara unaoporomoka. Unakunywa maji mengi. Majani yake yanachelewa kuoza, na chini yake mara nyingi haioti hata nyasi. Udongo unabaki uchi, na udongo ulio uchi ndio unaoondoka kwanza mvua ikianza. Ukiona chemchemi ya kata imezungukwa na mikaratusi, halafu wamama wanalalamika kwamba maji yamepungua wakati wa kiangazi, anza kutafuta sababu hapo.

Wala hatusemi kila kitu cha kigeni king'olewe. Mihogo ilitoka Amerika ya Kusini, na hakuna atakayekubali kumnyima Mkongomani sombe yake kwa sababu hiyo. Maharagi na mahindi vilevile vilitoka Amerika, na ndizi zilitoka Asia. Mmea wa kigeni unaokaa mahali ulipopandwa na kumlisha mtu, tuuache. Unaotusumbua ni ule unaotoroka. Lantana, kile kichaka chenye maua madogo ya rangi nyingi, kililetwa kutoka Amerika kama pambo la uzio. Leo kinajiotesha chenyewe kwenye malisho na kando ya njia, ng'ombe akila majani yake anaugua, na kukimaliza ni kazi ya miaka.

Uzio unaoota kutoka kwenye kijiti

Kuna jambo moja ambalo wagawa miche hawalitaji, labda kwa sababu haliuzi kitu: mimea mingi ambayo wazee walitumia kuzungusha nyumba na kugawa mashamba haihitaji pepinyeri kabisa. Inaota kutoka kwenye kijiti. Wazee hawakuichagua kwa bahati. Walikuwa hawana mifuko ya plastiki wala mbegu za kununua, kwa hiyo walibakiza ile ambayo ukikata tawi, ukilichomeka ardhini mvua inapoanza, linashika. Leo elimu hiyo ndiyo inayomfaa mkaaji asiye na franka za kununulia miche hamsini.

Tuanze na mubirizi, kwa sababu kila mtu Kivu anaujua kwa uchungu wake. Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Ni kichaka kinachokua haraka, kinakubali kukatwakatwa kila msimu, na majani yake yakitupwa shambani yanaoza upesi na kurutubisha udongo. Maua yake meupe yanapendwa na nyuki. Bibi zetu walichemsha majani kwa ajili ya homa na minyoo, na si binadamu peke yake aliyegundua nguvu yake. Mwaka 1987, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, kwenye milima ya Mahale inayotazamana na upande wetu wa Kalemie na Moba, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde walimfuatilia sokwe jike aliyekuwa mgonjwa. Walimwona akimenya matawi ya mmea huohuo na kunyonya utomvu wake mchungu, chakula ambacho sokwe wazima kwa kawaida hawakitafuti. Siku iliyofuata alikuwa na nguvu tena. Walichapisha habari hiyo mwaka 1989, na tangu hapo mubirizi unatajwa popote wanyama wanaojitibu wanapozungumziwa. Hii haina maana kwamba mtoto mwenye malaria abaki nyumbani na kikombe cha mubirizi. Apelekwe kituo cha afya. Lakini mmea wenye historia hiyo unastahili nafasi kwenye uzio kuliko sipre.

Wa pili ni Erythrina abyssinica, mti wenye gamba nene kama koki na miiba mifupi, unaopukutisha majani yote wakati wa kiangazi kisha unawaka maua mekundu juu ya matawi matupu. Wakati huo ndege chozi, wale wadogo wenye midomo mirefu iliyopinda, wanaujaa toka asubuhi. Ni wa jamii moja na maharagi, kwa hiyo mizizi yake inalisha udongo badala ya kuuchosha. Tawi nene kama mkono linatosha kuuotesha. Angalizo: mbegu zake nzuri nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto wanapenda kutungia shanga, zina sumu. Watoto waambiwe.

Mti huu una kesi nyingine. Katika imani ya Lyangombe, iliyoenea Bushi, Buhavu, Rwanda na hadi Burundi kwa jina la Kiranga, Erythrina ulihesabiwa kuwa mti mtakatifu. Wamisionari walipopiga vita imani hiyo, mti nao ulianza kutazamwa kwa jicho baya, na hadi leo kuna waamini wanaosita kuupanda karibu na nyumba kwa kuogopa kuitwa watu wa mizimu. Kwa maoni yetu, mti hauna dhambi. Parokia ambayo ingepanda mistari miwili ya Erythrina kwenye njia ya kuingilia kanisani ingemaliza hofu hiyo kwa msimu mmoja wa maua.

Wa tatu ni mtini wa asili, Ficus thonningii, ambao wasemaji wa Kinyarwanda wanauita umuvumu. Huko Rwanda, mahali palipokuwa na makao ya wafalme wa zamani bado panatambulika kwa mitini mikubwa iliyopandwa kama uzio wa boma, kisha uzio ukageuka miti. Kivuli chake ni kipana, mbuzi wanakula majani, ndege na popo wanakula matunda na kupeleka mbegu mbali. Ni mti wa uwanja wa shule, wa soko, wa mahali pa mkutano. Si mti wa parsele ya mita kumi kwa kumi: mizizi yake inainua msingi wa nyumba na kupasua bomba. Mwenye parsele ndogo aende kwa mubirizi.

Halafu kuna dracaena, ile yenye majani marefu kama panga yaliyokusanyika kichwani, ambayo imekuwa shahidi wa mipaka kwenye vilima vya Maziwa Makuu kwa vizazi vingi. Ilichaguliwa kwa sababu haifi kirahisi. Ukiikata inachipuka, ukiing'oa, kipande kilichobaki kinaota tena, na majirani wote wanajua ilikuwa wapi. Kwenye mikoa yetu, ambako kesi za mashamba zinajaza meza za machifu na mahakama, mti unaokumbuka mpaka si kitu kidogo. Hauchukui nafasi ya certificat d'enregistrement, na jaji hatakubali jani badala ya hati. Lakini ndugu wawili wanaogawana shamba la baba yao wakipanda mstari wa dracaena mbele ya majirani, wanapunguza ugomvi wa watoto wao.

Wa mwisho kwenye orodha hii ya vijiti, tuutaje haraka na kwa tahadhari: Euphorbia tirucalli, ule usio na majani ya kuonekana, wenye matawi membamba ya kijani kama penseli. Unafanya uzio ambao mbuzi hapiti na unavumilia ukame. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa au kumuumiza zaidi. Kwenye shule ya watoto wadogo usiupande.

Namna ya kupanda haina siri. Kwa Erythrina na mtini, chagua tawi lililokomaa, nene kama kifundo cha mkono, urefu wa mita moja na nusu hivi. Likate kwa mshazari, liache kivulini siku moja au mbili ili kidonda kikauke, kisha lizike sehemu ya robo yake na ushindilie udongo. Kwa mubirizi, kijiti kinene kama kidole gumba kinatosha. Usipande kichwa chini. Hilo linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Kwenye mteremko, mstari ukatize mlima kwa upana, usishuke nao, na katikati ya vijiti pandikiza mabingobingo, ambayo nayo ni majani ya Afrika hii hii na mizizi yake inashona udongo kabla miti haijashika. Wakati wa ukoloni, watu wa Kivu walilazimishwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa fimbo na faini, na kumbukumbu hiyo iliwafanya wengi wachukie kazi yenyewe. Uzio wa kijiti hauhitaji fimbo ya mtu. Ni kazi ya Jumamosi mbili za salongo kwa avenue moja.

Ulaya wanayauza, sisi tunayakanyaga

Kwa upande wa maua, hali inachekesha kidogo. Msituni Kahuzi-Biega na kwenye misitu mingine ya milima ya mashariki kunaota Impatiens niamniamensis, mmea mdogo wa kivulini wenye maua mekundu na manjano yaliyopinda kama mdomo wa kasuku. Wazungu wanauuza kwa vyungu kama mmea wa ndani ya nyumba, na Waingereza wameupa jina la kasuku wa Kongo. Jina lake la kitaalamu, tuseme kwa kupita, limebeba neno la dharau ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliwaitia Wazande. Maua hayo hayahitaji jua kali. Yanapenda upande wa nyumba wenye unyevu, mahali ambapo kwa kawaida tunatupa maji machafu na kuacha tope.

Vivyo hivyo ile mimea ya majani magumu yaliyosimama wima yenye michirizi ya manjano, ambayo wengi wanaiita kwa Kifaransa ulimi wa mama mkwe. Inapamba ofisi za Paris na New York, na asili yake ni Afrika ya Magharibi hadi Kongo. Hata gazon yenyewe: nyasi zinazoitwa kikuyu, ambazo zimefunika viwanja vya michezo Australia na Afrika Kusini, ni za nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, pamoja na milima ya mashariki mwa Kongo. Mtu anayeagiza mbegu za gazon kutoka Ulaya anaweza kuwa analipia majani ambayo ng'ombe wa Masisi wanayatembelea bure.

Na ule mti mrefu wenye maua makubwa ya rangi ya moto, unaoitwa tulipier du Gabon, Spathodea campanulata, ni wa Afrika ya tropiki, Kongo ikiwemo. Kwenye visiwa vya Pasifiki ulipelekwa kama pambo, ukatoroka, na sasa umeandikwa kati ya viumbe 100 vinavyovamia vibaya zaidi duniani. Kwao ni kama lantana kwetu. Hapa nyumbani una ndege wake, wadudu wake na magonjwa yake ya kuuzuia, ndiyo maana haujaza milima. Mfano huo unaeleza vizuri kuliko mhadhara wowote kwa nini mahali mmea ulipozaliwa ni jambo la maana. Upandwe kando ya barabara pana au uwanjani, mbali na bati, kwa sababu matawi yake yanavunjika na upepo.

Goma ina udongo wake, ambao ni jiwe

Mkaaji wa Goma akisoma haya atauliza: kijiti nikichomeke wapi? Mji umelala juu ya lava. Mnamo tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena na kusimama pembezoni. Wengi wanasafisha parsele kwa nyundo, wanajenga ukuta wa mawe meusi, kisha wanamwaga saruji uani kwa kukata tamaa.

Lava yenyewe inafundisha utaratibu. Miaka michache baada ya kupoa, inavaa likeni ya kijivu, ile inayofanana na ndevu fupi juu ya jiwe. Kisha feni zinaingia kwenye nyufa, zinaoza, zinatengeneza udongo kiasi cha konzi, na vichaka vinafuata. Anayetaka bustani Goma afanye hivyohivyo kwa kuharakisha kidogo: asivunje jiwe lote, ajaze nyufa na mashimo kwa udongo mweusi na taka za jikoni zilizooza, aache feni zilizojileta zibaki, na achomeke mtini au Erythrina pale ambapo ufa ni mrefu. Mitini imezoea kuota juu ya mawe. Ndege wanaipanda hata kwenye kuta bila ruhusa ya mtu. Ua wa namna hiyo unameza maji ya mvua, wakati ua wa saruji unayatuma yote barabarani.

Miti mikubwa, na mbegu zake

Kuna miti isiyokubali kijiti, na hapo ndipo pepinyeri zetu zingefaa kubadilika. Markhamia lutea, ambayo Rutshuru wanaiita musave, ina maua ya manjano, inatoa nguzo na vijiti vya kusimamishia migomba, na inaota vizuri kwa mbegu. Polyscias na podo ni miti ya milima yetu. Prunus africana, ile ambayo wafanyabiashara wa magamba kutoka Beni na Butembo wanaiita pygeum, imewekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES tangu 1995, kwa sababu gamba lake linatafutwa Ulaya kwa dawa ya tezi ya wanaume na miti mingi ilimenywa hadi ikafa. Mbegu zake hazingoji: zikikauka wiki chache, haziamki tena. Lazima zipandwe mbichi, na ndiyo maana haziuzwi kwenye pakiti kama za grevilea. Mtu mwenye mti mmoja mzee wa pygeum kwenye shamba lake ana pepinyeri nzima bila kujua.

Asili, tena, ni ya mahali hususa. Ziwa Kivu liko mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, ziwa Tanganyika karibu mita 770. Hagenia inayopendeza kwenye baridi ya Kahuzi itateseka Uvira, ambako akasia za bonde la Ruzizi na mkwaju ndizo zilizozoea joto. Kabla ya kuchagua, tembea kilomita mbili kuzunguka kata yako na uangalie nini kimebaki kwenye mipaka ya mashamba ya zamani, kwenye makaburi, nyuma ya misheni. Hapo ndipo pa kuomba vijiti na mbegu. Ndani ya hifadhi usikate hata kijiti kimoja: sheria inakataza, na ICCN haitauliza kama ulikuwa na nia njema.

Jambo gumu zaidi ni majina. Mmea mmoja una jina kwa Kishi, lingine kwa Kihavu, kwa Kinande, kwa Kilega, kwa Kifuliru, na wakati mwingine jina moja linabeba mimea miwili tofauti, mmoja dawa na mwingine sumu. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947 chini ya IRSAC kule Kabare, kinahifadhi mimea mikavu iliyokusanywa kwenye milima hii, yenye majina yake ya kitaalamu. Mwalimu wa sayansi anayewatuma wanafunzi wake kuuliza bibi na babu majina ya miti mitano ya nyumbani, kisha akalinganisha na ya wataalamu, anafanya kazi ambayo baada ya miaka kumi haitawezekana tena. Wanaoyajua majina hayo wanazeeka, na vita vimewahamisha wengi mbali na vilima walivyovijua.

Kwa avenue inayotaka kuanza, si lazima mradi wala mfadhili. Mkuu wa avenue aite salongo moja ya kusafisha mitaro. Salongo ya pili, kila nyumba ilete vijiti kumi kutoka kwa jamaa wa kijijini, na vipandwe kwenye ukingo unaoporomoka kabla ya mahali pengine popote. Mbuzi wafungwe kwa miezi mitatu. Hilo litaleta ugomvi kuliko yote, na afadhali lizungumzwe mapema.

Tukumbushe kwamba siku ya kitaifa ya mti nchini Kongo inaadhimishwa kila tarehe 5 Disemba. Vijiti vya mubirizi vilivyochomekwa mwezi wa kumi vitakuwa tayari vimetoa majani siku hiyo.